Mlinzi wa Taa na Ndugu Yake

Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Neno hili ni la kweli katika mambo mengi ya dunia. Urithi ukigawiwa, aliye safarini hupewa kilichosalia. Shauri likikatwa, asiyeketi barazani hukatiwa pasipo kuulizwa. Ndivyo tulivyo wanadamu: twamhurumia tumwonaye, twamsahau tusiyemwona. Katika gazeti letu la mwezi huu twataka kuwaalika wasomaji wapendwa wafikiri pamoja nasi juu ya swali moja gumu litokalo katika neno hilo. Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuwalinda wengi asiowaona, akisikia ya kuwa ndugu yake aliye karibu anaangamia, afanyeje? Aiache kazi akamwokoe nduguye, au abaki mahali pake kwa ajili ya wale wasiokuwapo?

Swali hili si la wasomi peke yao. Muuguzi aliye zamu usiku katika wadi hulikuta. Kijana aliyewekwa kulinda mashamba ya kijiji kizima hulikuta. Lakini katika maisha ya kila siku ni vigumu kuliona wazi, kwa kuwa shughuli nyingi zimeingiliana, na kila mtu ana udhuru wake. Kwa hiyo tutalitazama mahali ambapo mambo mengine yote yameondolewa, ikabaki bahari, na taa, na watu watatu.

Upande wa magharibi wa Uskoti, katika bahari ya Atlantiki, yapata kilometa 32 kutoka kisiwa cha Lewis, viko visiwa vidogo viitwavyo Flannan. Vimepewa jina la Flannan, mtakatifu wa kale wa Ireland, na katika kimojawapo bado yanaonekana magofu ya kanisa dogo sana la mawe. Kisiwa hicho chaitwa Eilean Mòr, maana yake katika Kigaeli ni Kisiwa Kikubwa. Lakini ni kikubwa kwa kulinganishwa na wenzake tu; mtu aweza kukizunguka chote kwa muda mfupi. Kando zake ni majabali yaliyosimama wima, na juu ni majani mafupi yaliyopigwa na upepo wa chumvi. Watu wa Lewis walizoea kupeleka kondoo huko kula majani, kisha wakarudi makwao. Hapakuwa mahali pa mtu kujenga na kukaa.

Hata hivyo watu walijenga. Merikebu nyingi zilipita njia ile zikitoka Marekani kwenda bandari za Uskoti na za bara Ulaya, na visiwa hivi vilikuwa hatari kwao wakati wa usiku. Basi mwaka 1895 kazi ya kujenga mnara wa taa ikaanza, kwa uchoraji wa David Alan Stevenson, mtu wa ukoo uliojenga minara mingi katika pwani za nchi ile. Ilichukua miaka minne, kwa sababu mizigo yote ilipaswa kutolewa mashuani na kupandishwa juu ya jabali, na siku za bahari tulivu ni chache. Taa ikawashwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1899. Mnara wenyewe una kimo cha meta 23, na kwa kuwa umesimama juu ya kilele, mwali wake upo meta 100 hivi juu ya maji. Kila nusu dakika humulika mara mbili, kisha giza, kisha mara mbili tena.

Wenzetu wa pwani wanaijua kazi ya mnara wa namna hii. Kwa wale wa bara tueleze kidogo. Nahodha aliye baharini usiku haoni nchi, ila huhesabu mimuliko. Kila mnara una hesabu yake, na kwa hesabu hiyo hujua, Hapa ni mahali fulani, na miamba iko upande fulani. Hivyo mnara ni kama ahadi iliyotolewa kwa watu wote wapitao, wa taifa lo lote, wasiojulikana majina yao. Tena yafaa tukumbuke jambo hili: taa iliyozoewa ikizimika, hatari yake ni kubwa kuliko ya mahali pasipokuwa na taa tangu mwanzo. Penye giza la siku zote nahodha hujihadhari. Lakini palipoahidiwa nuru huja akiitegemea.

Walinzi wa taa ya Flannan walikuwa wanne. Watatu walikaa kisiwani, na wa nne alipumzika kwa zamu katika kituo cha Breasclete huko Lewis, ambako jamaa zao waliishi. Na amri ilikuwa hii: mmoja lazima abaki daima katika nyumba ya taa, lo lote litokealo.

Kwa nini watatu? Zamani minara mingi ililindwa na wawili tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mwamba wa Smalls mbele ya pwani ya Wales, walikuwako walinzi wawili, Thomas Howell na Thomas Griffith. Griffith akafa, na bahari ikawa imechafuka hata mashua zisiweze kufika kwa majuma mengi. Howell aliogopa kuutupa mwili majini, watu wasije wakasema amemwua mwenzake, kwani ilijulikana ya kuwa wawili hao hugombana. Akatengeneza sanduku, akautia mwili ndani, akalifunga nje ya mnara. Akakaa peke yake na maiti ile katika tufani, na kila usiku akawasha taa. Alipotolewa, yasemwa hata rafiki zake hawakumtambua vema, kwa jinsi alivyobadilika. Tangu hapo ikawekwa desturi kwamba walinzi wawe watatu. Tutarudi kwa habari hii, maana ina fundisho ambalo huenda tusilione mara moja.

Sasa tuje kwenye Desemba ya mwaka 1900, wakati taa ya Flannan ilipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kisiwani walikuwako James Ducat, mkuu wa walinzi, na Thomas Marshall, msaidizi wake, na Donald McArthur, aliyeshika nafasi ya mlinzi mmoja aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 7 Desemba msimamizi wao, Robert Muirhead, aliwatembelea, akaagana nao kwa kuwapa mkono. Baadaye aliandika kwa huzuni ya kuwa yeye ndiye mtu wa mwisho aliyewapa mkono.

Usiku wa tarehe 15 Desemba meli moja iitwayo Archtor ilipita karibu na visiwa vile, nao waliokuwamo hawakuona taa. Huko Lewis alikuwako mtu aliyeajiriwa kuitazama taa kutoka mbali. Lakini ukungu ulizoea kuificha kwa siku kadha wa kadha, kwa hiyo kutoonekana kwake hakukuwashtua watu upesi. Meli ya zamu, iitwayo Hesperus, ilikuwa ifike tarehe 20, ikazuiliwa na tufani. Ilifika tarehe 26 saa sita mchana. Hapakuwa na bendera mlingotini, wala makasha matupu hayakuwekwa gatini kama ilivyo desturi. Wakapiga honi, wakarusha fataki; hakuna aliyetokea. Ndipo Joseph Moore, mlinzi aliyekuja kushika zamu yake, akashushwa nchi kavu, akapanda peke yake mpaka nyumbani.

Alikuta lango limefungwa, na mlango wa nje umefungwa. Jikoni moto ulikuwa umezimika siku nyingi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Vitanda vilikuwa vitupu, kama walivyoviacha asubuhi walipoamka. Wenzake hawakuwamo. Lakini taa ilikuwa imesafishwa, na mafuta yamejazwa, na vioo vimefutwa, tayari kabisa kwa kuwashwa jioni. Juu ya kibao cha kuandikia ilikuwako hesabu ya hali ya hewa iliyoandikwa saa tatu asubuhi ya tarehe 15. Baada ya hapo hapakuandikwa neno.

Muirhead alifika tarehe 29 kuchunguza. Upande wa mashariki mambo yote yalikuwa sawa. Upande wa magharibi aliona uharibifu ambao hata yeye aliyezoea bahari alishangaa. Vyuma vya kushikia vilikuwa vimepindwa. Jiwe lenye uzito wa zaidi ya tani moja lilikuwa limeondolewa mahali pake. Sanduku la kamba, lililokuwa limebanwa katika ufa wa mwamba kwenye kimo cha futi 110 juu ya bahari, lilikuwa limevunjwa, na kamba zimetawanyika. Juu zaidi, kwenye futi 200, majani yalikuwa yameng'olewa pamoja na udongo wake. Hukumu yake ilikuwa hii: walinzi walishuka alasiri ya Jumamosi ile kulifunga sanduku la kamba lisichukuliwe, na wimbi kubwa kupita kiasi likapanda juu ya jabali, likawashukia, likawachukua. Miili yao haikuonekana kamwe. Ducat aliacha mjane na watoto wanne. McArthur aliacha mjane na watoto wawili.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kusema neno moja juu ya hadithi. Mahali palipo na kimya watu hupenda kuweka sauti zao. Mwaka 1912 mshairi Wilfrid Wilson Gibson alitunga shairi juu ya kisiwa hiki, naye aliweka mezani chakula kisichoguswa. Ilhali Moore aliandika ya kuwa vyombo vya jikoni vilikuwa safi, dalili ya kuwa wamekwisha kula. Baadaye wengine walitunga hata maneno ya daftari, wakidai ya kuwa walinzi walilia na kuingiwa na wazimu. Mambo hayo hayakuandikwa na walinzi wale. Mshairi ana ruhusa yake, lakini mtu atakaye kupima jambo la haki na wajibu hana ruhusa hiyo. Marehemu hawezi kujitetea. Yeye naye ni mmoja wa wasiokuwapo. Basi tutashika yale tu yaliyoonekana.

Na katika yaliyoonekana kuna jambo moja dogo. Ducat alikuwa amevaa viatu vyake vya baharini na koti lake la kuzuia maji, na Marshall vivyo hivyo, kwa maana mavazi hayo hayakuwamo nyumbani. Lakini koti la McArthur lilikuwa mahali pake. Alitoka katika baridi ya Desemba, na upepo ule, pasipo vazi lake la nje. Hakuna jicho lililomwona akitoka, na hatuwezi kuapa juu ya sababu yake. Wengi waliotafakari habari hii wamefikiri hivi: wawili walishuka gatini, wa tatu akabaki kama amri ilivyotaka, kisha ama alisikia ukelele, ama aliona wimbi lijalo, naye akatoka mbio vile alivyokuwa. Tuseme basi ya kuwa ndivyo ilivyokuwa. Je, alifanya vema?

Wako watakaosema mara moja, Alifanya vema kabisa. Nao wana hoja zenye nguvu. Amri ya mnara imewekwa kwa ajili ya uhai wa watu. Yawezaje amri ya kuokoa watu kumkataza mtu asimwokoe mtu? Tena hatari ya merikebu ilikuwa ya kukisia. Huenda meli ingepita, huenda isipite. Na kama ikipita, huenda ingesalimika. Bali hatari ya nduguye ilikuwa mbele ya macho. Tena ulikuwa mchana, na taa ilikuwa haijawashwa. Aliyetoka mbio hakukusudia kuliacha giza liingie, alitumaini kurudi. Kisha watauliza: Mtu aketiye karibu na moto akihesabu mafuta ya taa, huku mwenzake anapiga kelele, je, huyo ni mlinzi mwema? Nani angependa kukaa naye nyumba moja?

Wako pia watakaosema, Hapana, ilimpasa kubaki. Watu hawa yafaa tuwasikilize kwa uangalifu zaidi, maana maneno yao hayapendezi upesi. Wasema hivi: Watu wa Archtor hawakuwapo gatini kupiga kelele. Hawakuwa na uso wala sauti katika kisiwa kile. Sauti yao pekee ilikuwa ile amri, mmoja abaki. Walioiandika walijua ya kuwa moyo wa mtu utakimbilia sauti ya karibu. Kwa sababu hiyohiyo waliiandika. Katika saa nyepesi hakuna ahitajiye amri ya kubaki ndani karibu na moto. Amri hii ilikuwa na kazi katika saa moja tu, saa ile ya ukelele, na mtu akiivunja katika saa ile, ni sawa na kusema haikuwako kamwe. Tena watasema: Mtu mmoja asiye na koti, dhidi ya bahari ipandayo futi 110, angefanya nini? Aliongeza mjane wa pili. Kama angebaki, wenzake wangekufa wawili, na taa ingewaka.

Nao watatuonyesha Howell wa Smalls. Alikuwa na kila sababu ya kulala chini na kuacha mambo yote. Mwenzake amekufa, yeye mwenyewe anakaribia kupotewa na akili, na hakuna wa kumwona. Lakini merikebu zilizopita usiku ziliona taa kama kawaida, wala hawakujua ya kuwa nyuma ya mwali ule kuna mtu mmoja na sanduku la maiti. Kwake yeye neno la wazee liligeuzwa: hawakuwapo, lakini la kwao lilikuwapo kila usiku.

Sisi twaonaje? Kwanza, twaona ya kuwa amri ile ilikuwa njema, nayo ni tunda la upendo, ingawa sura yake ni kavu. Kuna upendo wa macho na upendo wa ahadi. Upendo wa macho huamka wenyewe, hauhitaji kufundishwa. Hata mtoto humlilia aonaye analia. Upendo wa ahadi hufundishwa kwa taabu, kwa kuwa mwenye kupendwa hayupo. Huwezi kuona machozi yake wala hatakuja kukushukuru. Nahodha aliyeokolewa na taa hupita akaenda zake, hajui hata jina la aliyeiwasha. Pasipo upendo wa namna hii hakuna jambo la watu wengi liwezalo kusimama: wala hospitali, wala chama cha akiba, wala kisima cha kijiji.

Pili, hatuthubutu kumhukumu McArthur. Yawezekana kusema jambo hili lilipaswa, na palepale kukataa kumtia hatiani aliyeshindwa kulitenda katika dakika moja ya kutisha. Kipimo cha wajibu ni kimoja, na hukumu ya mtu ni nyingine. Mtu akivunja amri kwa ajili ya nafsi yake, kwa usingizi au ulevi au uvivu, huyo amewaibia wasiokuwapo. Mtu akiivunja kwa kumkimbilia mwenzake anayezama, hakuiba kitu. Alikuwa na madeni mawili na mkono mmoja.

Lakini, tatu, na hili ndilo tunalotaka hasa lifikiriwe, twaona ya kuwa swali letu limeulizwa kwa kuchelewa. Sote twasimama mlangoni pamoja na yule wa tatu, twamuuliza, Utafanya nini? Kumbe uzito ule haukutoka kwake. Uliwekwa juu yake na mambo yaliyotangulia. Wawili walishuka gatini kwa ajili ya sanduku la kamba. Hatusemi neno hili kwa kuwalaumu. Walikuwa watu waaminifu, na Muirhead mwenyewe ndiye aliyewapendekeza Ducat na Marshall wawekwe katika mnara ule kwa wema wa kazi yao. Walikwenda kwa sababu kamba zilikuwa mali waliyokabidhiwa, na gati lisilo na kamba halifai kitu. Uaminifu wao katika jambo dogo ndio uliowapeleka ukingoni. Walakini kamba hununuliwa. Na mtu aendapo ukingoni kwa ajili ya kitu kinunuliwacho haendi peke yake. Hata akimwambia mwenzake, Wewe baki, moyo wa mwenzake waenda pamoja naye, na siku atakapoanguka atamlazimisha kuchagua kati ya madeni mawili.

Hapa ndipo fundisho la Smalls lionekanapo. Baada ya mateso ya Howell, wakuu wa minara wangeweza kuandika, Walinzi na wawe hodari kama Howell. Badala yake waliongeza mtu wa tatu. Walitambua ya kuwa si haki kujenga kazi ya watu wengi juu ya ushujaa wa mtu mmoja. Penye watu wachache mno, wema wenyewe hugeuka kuwa kosa. Kila umsaidiaye, kuna mwingine umwachaye.

Tuone mfano wa karibu. Muuguzi mmoja yu zamu usiku na wagonjwa wengi. Saa nane aitwa upesi chumba cha pili, ambako mama anayejifungua ameanza kutokwa na damu. Akienda, wadi imebaki pasipo mtu. Asipokwenda, mama atakufa. Asubuhi, mgonjwa mmoja wa wadi akikutwa amekufa, watu watamwuliza muuguzi, Ulikuwa wapi? Naye atajibu kweli, lakini kweli yake haitamtuliza. Swali hilo yafaa liulizwe kwanza kwa wale waliopanga zamu, na kwa sisi sote tuliokubali ya kuwa mtu mmoja atosha kwa sababu ndiye mwenye gharama ndogo. Tukimsifu muuguzi kwa kujitoa kwake, kisha tukamwacha vilevile peke yake usiku unaofuata, sifa zetu ni njia ya kujitua mzigo wetu na kumtwika yeye.

Na mfano wa pili. Vijana wawili wamewekwa kulinda mahindi ya kijiji yasiliwe na nguruwe. Mmoja, kwa kutaka kuonyesha ujasiri, aingia msituni peke yake kuwafuatia, akiwa na mkuki tu. Akipiga ukelele, mwenzake ataacha shamba na kukimbilia huko, na hatutamlaumu. Lakini yule wa kwanza angefikiri kabla ya kuingia: Ujasiri wangu nitaulipia mimi, au chakula cha nyumba arobaini pia?

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Wajibu kwa asiyeonekana ni wajibu wa kweli, wala hautanguki kwa sababu yeye hayupo. Wajibu kwa ndugu aliye karibu nao ni wa kweli. Kazi ya hekima ni kuzuia siku ambayo viwili hivyo vitagombana mlangoni kwa mtu mmoja. Siku hiyo ikija hata hivyo, tumwachie mtu huyo dhamiri yake, tusijifanye hodari kwa niaba yake tukiwa tumeketi penye joto.

Limebaki jambo moja katika habari ya Eilean Mòr, nalo husahauliwa na wengi wasimuliao. Adhuhuri ya tarehe 26 Moore alikuta nyumba tupu. Hofu ilimshika sana; Muirhead aliona hali yake akaandika juu yake. Nahodha wa Hesperus alipaswa kurudi Lewis upesi kupeleka habari kwa simu ya maandishi. Ingalikuwa rahisi wote waondoke, wauache mnara wenye mkosi katika giza mpaka watu wengine wapatikane. Moore hakuondoka. Alibaki kisiwani, na watu watatu wa melini wakajitolea kubaki naye. Walikuwa wanne, hata asiwepo wa kuachwa peke yake. Taa ilikuwa imejazwa mafuta na mikono ya wale waliopotea. Jioni ileile, kabla maombolezo hayajaanza huko Breasclete, wakaiwasha.

Merikebu yo yote iliyopita usiku ule iliona mimuliko miwili kila nusu dakika, ikaendelea na safari yake.

Mnara wa Eilean Mòr ungali umesimama, na taa yake ingali ikiwaka. Tangu mwaka 1971 hauna mlinzi. Mtambo hujiwasha na kujizima wenyewe, na mafundi hufika kwa nyakati zao kuutengeneza. Hilo ni jema, kwani hakuna tena mjane atakayepatikana kwa ajili ya kamba za gati lile. Lakini taa nyingine za watu haziwezi kukabidhiwa mtambo. Wako kati ya wasomaji wetu walio na zamu usiku huu huu, nao wako walio na kazi ya kupanga zamu za wengine. Kwa wa kwanza twasema, Wale usiowaona wanakutegemea. Kwa wa pili twauliza, Je, umemwekea mtu wa pili na wa tatu, au umemwachia peke yake achague?